Unataka kwenda magofu ya Kilwa Kisiwani? Uliza maji kwanza

Watu wakipanga kwenda Kilwa swali la kwanza ni nauli, la pili lodge, la tatu eti mtandao unashika. Mimi nakwambia anza na maji. Maji ya bahari yani, siku unayotaka kuvuka yanajaa saa ngapi na yanatoka saa ngapi, maana ukikosea hapo hata uwe na hela ya kukodi boti nzima peke yako utashushwa mbali na nchi kavu na utatembea na tope mpaka magotini kama mimi safari yangu ya kwanza.

Ilikuaje, nilifika Masoko, mji wa pwani unapovukia kwenda Kisiwani, siku ya bamvua (maji yanayotoka mbali sana) bila kujua, asubuhi nikanywa chai yangu taratibu na chapati mbili, nikaenda pwani nikapatana bei na mwenye boti weee mpaka saa nne, tukavuka, ng'ambo huko chombo kikakwama mchangani tukiwa bado tunaiona pwani kwa mbali. Nikavua viatu, simu nimeibana mdomoni, suruali nimekunja, kuna katoto kanapita na mkuki wake na pweza wawili kananiangalia kanacheka tu. Nafika juu nimechoka, jua la saa tano linachoma, nikaona Gereza, ile ngome ya pwani, na Msikiti Mkuu haraka haraka nikaambiwa turudi. Husuni Kubwa, ile ikulu ya sultani, sikuiona kabisa. Kwaiyo ikabidi nirudi tena mwaka uliofuata, na haya naandika ndo ya safari ya pili.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, na kwa pwani yetu hii siku hizo maji yanakuwa yamekupwa kwenye saa nne hivi asubuhi, yani mda ule ule ambao mgeni ameshamaliza chai anataka kuvuka. Mwezi ukiwa nusu, kama tarehe 7 au 8 na 22 au 23 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu, hayatoki mbali na asubuhi hiyo ya saa nne unakuta yamejaa. Chagua siku hizo kama ratiba yako inaruhusu. Kama hairuhusu bas vuka mapema kabla jua halijapanda, na mwulize mvuvi yeyote pale pwani, hao hawahitaji kalenda.

Sasa kufika. Kutoka Dar mabasi ya Kilwa unayapata Mbagala Rangi Tatu, ni kama kilomita 300, utapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa pale Rufiji, Somanga, alafu Nangurukuru. Ukipanda basi la Lindi au Mtwara mwambie konda mapema kabisa akushushe Nangurukuru, maana basi haliingii Masoko, pale unachukua gari ndogo kama kilomita 30 hivi mpaka Masoko. Na usiseme tu "nashuka Kilwa". Kilwa ziko tatu. Kivinje ndo mji wa karne ya 19, wa misafara ya pembe na watumwa na baadae Wajerumani, Masoko ndo mji wa sasa wenye ofisi na lodge na soko, na Kisiwani ndo kwenye magofu, kinaonekana kabisa ukisimama pwani ya Masoko, kama kilomita 2 za maji tu. Kuna jamaa alishushwa Kivinje usiku akakaa anatafuta boti ya kwenda Kisiwani.

Masika usiende. Machi mpaka Mei njia inaweza kukatika kabisa, mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilipita na mvua zake barabara ikakatika maeneo ya Somanga watu wakalala njiani. Juni mpaka Oktoba pakavu na pana ubaridi kidogo, ila upepo wa kusi unakuwa na nguvu na ukifika mchana ule mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani unachafuka, mawimbi yanarusha maji ndani ya chombo, kwaiyo hata kwa sababu hiyo asubuhi ni bora.

Ukishalala Masoko, asubuhi usikimbilie pwani. Kwanza kibali. Magofu yako chini ya TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori (ndio, wanyamapori wanasimamia magofu, na mimi nilishangaa hivyo hivyo), unaenda ofisini kwao Masoko unaandikishwa unapewa kontrol namba (namba ya malipo) unalipa kwa simu. Beba kitambulisho, mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni lakini lazima uonyeshe. Risiti tunza, utaulizwa. Kama inawezekana fanya hii kazi jana yake jioni, maana siku mtandao ukisumbua unakaa kwenye benchi unaangalia maji yanatoka.

Mwongoza wageni chukua, usijidai umesoma kwenye simu. Sio kwamba utapotea, kisiwa sio kikubwa kivile, ila kuna vitu vimejificha kwenye vichaka na mibuyu na bila mtu wa pale unapita hatua tano pembeni ya kaburi la sultani hujui. Boti patana kwa chombo kizima, sio kwa kichwa, na patana kabisa kwamba atakusubiri mpaka saa ngapi, na majaketi ya kujiokolea uyaone kwa macho yako sio kuambiwa yapo. Lipa nusu kwenda, nusu ukirudi.

Maji ya kunywa beba lita mbili kila mtu, kofia, na yeboyebo, hapana cheka, yeboyebo ndo kiatu cha Kisiwani, unashuka nacho majini na unatembea nacho kwenye mawe. Kina dada bebeni kanga hata mbili. Kisiwani sio makumbusho, kuna kijiji, watu wanaishi, wanavua, wanaswali, watoto wanaenda shule, ukiingia na kikaptula hakuna atakayekufukuza lakini wazee watageuza uso pembeni. Salimia kwanza, shikamoo kwa wakubwa, ndo mengine yafuate. Na picha za watu omba.

Kwa mpangilio mimi naanza na Husuni Kubwa, wengi wanaiweka mwisho wakiwa wameshachoka na ndo wanaikosa. Iko pembeni ya mji wa kale kwa upande wa mashariki, juu ya mwamba unaotazama bahari, na maji yakiwa yamejaa mwambie nahodha akushushe huko huko, alafu unapanda juu kwa miguu. Hii ni ikulu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, vyumba zaidi ya 100 na inavyoonekana haikuwahi kumalizika. Utaona bwawa la kuogea lenye pembe nane, limechimbwa chini lina ngazi, na ua wenye ngazi ndefu za kukaa watu kama jukwaa la uwanja wa mpira hivi. Kaa hapo kidogo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta huyu huyu sultani, na anasimulia kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, yani mtoaji, kuna fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akiwa anatoka kuswali Ijumaa akamwomba nguo alizovaa mwilini, na sultani akaingia ndani akazivua akampa. Ukikaa kwenye zile ngazi ukaangalia bahari ile hadithi inakuja yenyewe. Jirani kuna Husuni Ndogo, ukuta mkubwa wa mstatili wenye minara, wataalamu mpaka leo wanabishana ulikuwa wa kazi gani, dakika kumi zinatosha.

Kutoka hapo unatembea kurudi mjini, kilomita moja na kitu, njia ya mchanga kati ya minazi na mashamba ya watu. Ndo hapo mwongozaji atakusimulia ile habari ya kisiwa kuuzwa kwa nguo, kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi akanunua kisiwa kwa mzee wa bara kwa kitambaa cha kukizunguka chote. Iko kwenye tarikhi ya Kilwa, yani historia yake ya kale iliyoandikwa. Amini usiamini ila kila mtu wa pale atakuonyesha kwa kidole kitambaa kilipopita.

Msikiti Mkuu sasa. Hapa naomba usipige picha tano ukaondoka. Upande wa kaskazini ndo wa zamani zaidi, wa karne ya 11 mpaka 12, mdogo, paa lake lilikuwa la bapa na limeshaanguka. Upande wa kusini ndo nyongeza kubwa iliyoanzwa karne ya 14 na kujengwa upya karne ya 15, nguzo kwa nguzo, juu kuba na matao. Simama katikati ya nguzo uangalie zinavyojipanga, mwanga unaingia kwa juu kwenye sehemu zilizoporomoka unakatika vipande vipande chini. Alafu sogea ukutani kabisa uangalie kwa karibu bila kugusagusa. Utaona jiwe la matumbawe, lina vitundu vitundu kama mkate wa kumimina, na katikati yake chokaa. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yenyewe juu ya rundo la magogo, yani bahari ndo ilitoa jiwe na bahari ndo ikatoa simenti. Sehemu nyingine unaona mpaka kombe limebaki ndani ya ukuta.

Na hii ntakufundisha utakwenda nayo kila gofu la pwani, kuanzia hapa mpaka Gede na Lamu huko Kenya. Ingia nyumba yoyote yenye vyumba alafu pima upana wa chumba kwa hatua. Utaona vyumba ni virefu ila vyembamba, kama hatua tatu, basi. Sababu ni boriti. Paa lilibebwa na miti ya mikoko na mkoko una urefu wake wa kubeba uzito, mara nyingi haufiki mita 3, kwaiyo tajiri hata awe na dhahabu ya Sofala (bandari ya zamani huko Msumbiji) kiasi gani chumba chake hakipanuki, anakirefusha tu. Ukitaka upana ndo unajenga kuba kama msikitini. Mimi nilivyoelezwa hivi na mwongozaji nikarudi nyuma kuangalia upya vyumba vyote nilivyopita.

Msikiti mdogo wa kuba uko jirani na umesimama vizuri kuliko yote. Ingia, inua kichwa. Kwenye kuba utaona maduara, hapo zilipachikwa bakuli za vigae za kutoka nje kama pambo, nyingi zimeshang'oka zimebaki alama. Chini njiani nako utaona vipande vya vyungu na vigae vya Kichina vya rangi ya kijani au bluu. Usiokote. Najua mkono unawasha, hata kadogo ka kucha, acha hapo hapo kalipo, kuna sheria, na pia kipande kikishahama kilipokuwa hakimwambii tena mtaalamu kitu chochote. Na usipande juu ya kuta kwa ajili ya picha, chokaa ya miaka 600 haikusubiri wewe.

Kilwa ilikuwa inapiga sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani. Moja iliokotwa Zimbabwe Kuu, ule mji wa kale wa mawe huko bara, na tano ziliokotwa visiwa vya Wessel kaskazini ya Australia mwaka 1944 na mwanajeshi aliyekuwa huko kwenye vita. Zilifikaje? Mwulize mwongozaji wako, kila mmoja ana jibu lake na yote matamu.

Makutani utapita, lile jumba kubwa lenye ukuta wa karne ya 18, zuri kwa picha za jioni. Malizia na Gereza pale pale pwani unapopandia boti. Wareno walivamia 1505 wakajenga ngome, 1512 wakaondoka zao, na hili unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani la karibu na 1800. Hata hili neno gereza wanasema limetoka kwenye igreja, kanisa kwa Kireno, likaishia kuwa jela, sijui wenzetu waliona nini humo. Upande wa baharini mawimbi yamekula ukuta, ndo moja ya sababu magofu haya yaliyoingia urithi wa dunia 1981 yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa.

Kwa yote hayo tenga masaa matano, sio mawili. Songo Mnara ni siku nyingine kabisa, ni kisiwa cha kusini zaidi, boti inakwenda mda mrefu na kuingia kwake unapita kwenye mikoko, huko usiende kabisa kama maji hayajajaa, ila nyumba za watu wa kawaida, milango, vyoo, huko ndo zinaonekana vizuri zaidi.

Ukirudi Masoko utakuwa na njaa ya kufa, mama ntilie wa sokoni ana wali wa nazi na samaki wa kukaanga, uliza kama pweza yupo. Alafu kabla hujakaa, nenda kakate tiketi ya kesho. Mabasi ya Dar yanaondoka alfajiri na siti za mbele zinaisha jioni hiyo hiyo.