Kudai Fidia ya Parkinson kwa Mwanajeshi Mstaafu wa Marekani

Kabla ya jambo lingine lolote, peleka fomu 21-0966, ambayo ni tamko la nia ya kudai, kwa Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, kwa sababu malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku ilipopokewa, mradi dai lenyewe, kwa fomu 21-526EZ, lifike ndani ya mwaka mmoja.

Kisha thibitisha mahali ulipotumikia. Aliyetumikia Vietnam kati ya 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975 huhesabiwa kuwa alifikiwa na Agent Orange, sumu iliyonyunyizwa ili kupukutisha majani ya misitu, na tangu mwaka 2010 hatakiwi kuthibitisha kwamba sumu hiyo ndiyo iliyomletea Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na ugumu wa viungo. Mwaka 2021 iliongezwa pakinsonizimu, yaani dalili za namna hiyo zenye chanzo kingine. Waliokaa siku 30 au zaidi katika kambi ya jeshi ya Lejeune, North Carolina, kati ya 1 Agosti 1953 na 31 Desemba 1987, maji yake yalipokuwa na kemikali za sumu, wana orodha yao ya magonjwa, ila hiyo inataja Parkinson peke yake. Ndiyo maana daktari wa mishipa ya fahamu aandike jina kamili la ugonjwa, si "mtetemo" tu.

Dai likikubaliwa, kiwango cha chini cha ulemavu, ambacho ndicho hupimia malipo, ni asilimia 30, na kosa kubwa ni kuridhika hapo. Kila athari hupimwa peke yake: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kila mguu, sauti iliyofifia, shida ya kumeza, kufunga choo, mkojo, hata sonona. Zitaje zote kwenye dai, ukijua kwamba asilimia hizo hazijumlishwi kama sokoni: 30 na 20 huwa 44, kwa kuwa ile 20 huhesabiwa katika 70 iliyobaki, kisha hupelekwa kwenye kumi la karibu, yaani 40.

Siku ya uchunguzi wa daktari kwa ajili ya dai eleza hali ilivyo siku mbaya. Askari mzee huzoea kujibu "sina neno" huku kikombe kikimtetemeka mkononi, na daktari huandika anachoambiwa. Mkewe au mwanawe aandike ushahidi kwa fomu 21-10210: nani humfunga vifungo, ameanguka mara ngapi bafuni.

Akishindwa kuoga au kula bila msaada, daktari ajaze fomu 21-2680 ili aombewe nyongeza ya malipo ya kila mwezi.