Hajiri, Sara na Mlima Sinai: namna ya kufasiri mfano wa Wagalatia 4:21–31

Katika kifungu hiki mtume Paulo anawachukua mama wawili wa wana wa Ibrahimu, Hajiri mjakazi na mke wake Sara, mwungwana (mwanamke huru), kama mfano wa maagano mawili. Kina mistari 11 tu, lakini kimezaa mahubiri mengi yaliyopotoka, na mara nyingi chanzo ni kilekile: mhubiri anakimbilia kuuliza Hajiri ni nani siku hizi kabla hajauliza Paulo alikuwa anawajibu akina nani. Anza na swali hilo la pili.

Soma Waraka kwa Wagalatia wote bila kukatiza. Ni sura 6, nusu saa inatosha. Shika penseli, weka alama kila penye neno sheria, ahadi, tohara, mwana na mtumwa. Utakachokiona ni hiki: makanisa ya Galatia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, yalikuwa na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, waliomwamini Kristo. Baada ya Paulo kuwahubiria, wakaingia walimu waliosema imani peke yake haitoshi, lazima watahiriwe na kuishika sheria ya Musa (5:2–4, 6:12–13). Ugomvi ni wa ndani ya kanisa. Liandike hilo juu kabisa ya karatasi yako, na kila tafsiri utakayoifikia uipime kwa hilo.

Kisha rudi Mwanzo, sura ya 16, 17 na 21. Usitegemee kumbukumbu za shule ya Jumapili. Andika umri wa wahusika: Ibrahimu ana miaka 86 Ishmaeli anapozaliwa (16:16) na miaka 100 Isaka anapozaliwa (21:5), Sara ana miaka 90 hivi, na siku zote amekuwa tasa. Hapo ndipo utaelewa Paulo anaposema mwana mmoja alizaliwa “kwa mwili” na mwingine “kwa ahadi”. Wengi huona “mwili” wakafikiri uzinzi. Sivyo. Ishmaeli alipatikana kwa mpango wa watu: Sara alichoka kungoja, akamtoa mjakazi wake, na mtoto akazaliwa kama watoto wote wanavyozaliwa. Isaka hakuweza kupatikana hivyo. Bila neno la Mungu asingekuwapo kabisa.

Tua kidogo kwenye Mwanzo 17:25. Ishmaeli alitahiriwa akiwa na miaka 13, kabla Isaka hajazaliwa. Isaka naye alitahiriwa siku ya nane (21:4). Kwa hiyo wana wote wawili ni wa Ibrahimu, wote wawili wana alama ya tohara, na bado mrithi wa ahadi ni mmoja. Paulo hakuitaja hoja hii katika mistari yake, basi usimwekee mdomoni. Lakini ukiiona, utaelewa kwa nini hadithi hii inawafaa sana watu wanaoambiwa kwamba tohara ndiyo itakayowafanya wana.

Sasa gawa ukurasa safu mbili. Kushoto andika: mjakazi Hajiri, kuzaliwa kwa mwili, agano la mlima Sinai, Yerusalemu wa sasa, utumwa, anayeudhi, asiyerithi. Kulia: mwungwana, kuzaliwa kwa ahadi na kwa Roho, Yerusalemu wa juu, uhuru, anayeudhiwa, mrithi. Jaza kile tu ambacho Paulo amekiandika, kisha tazama penye pengo, maana mapengo yanafundisha. Jina la Sara halimo katika mistari yote 11, wala la Ishmaeli. Na safu ya kulia haina mlima. Paulo anasema maagano ni mawili, halafu analitaja moja tu. Watu hupenda kujaza nafasi hiyo kwa Kalvari au Sayuni. Usifanye hivyo kabla hujarudi sura ya 3, ambako mwenyewe amekwisha kueleza: ahadi kwa Ibrahimu ilitangulia, na sheria ikaja miaka 430 baadaye bila kuitangua (3:17). Kinachokabili Sinai ni ahadi hiyo.

Baada ya hapo kaa muda mrefu kwenye mstari wa 24 na 25, kwa sababu mfano wote unageukia hapo. Kwa damu, waliopokea sheria Sinai ni wazao wa Isaka. Myahudi yeyote wa wakati ule angeuweka Sinai upande wa Sara bila kufikiri. Paulo anauchukua na kuuweka upande wa Hajiri, na Yerusalemu wa siku zake pamoja nao. Asiyeshtuka hapa hajausikia mfano. Ujumbe ni kwamba kuzaliwa katika nasaba sahihi na kuwa na sheria mkononi hakumtoi mtu utumwani. Hata mwana wa Isaka anaweza kuishi kama mwana wa mjakazi. Wala Paulo haitukani sheria. Katika 3:21 anakataa katakata kwamba inapingana na ahadi, na katika 3:24 anaiita kiongozi wa kutuleta kwa Kristo. Kosa ni kuidai izae uzima ambao haikupewa kuuzaa.

Mstari wa 27 ni Isaya 54:1, na wengi huuruka. Fungua Isaya. Tasa anayeambiwa afurahi ni Yerusalemu ulioachwa ukiwa, na sura tatu nyuma (51:2) Isaya amekwisha kumtaja Sara kama mama wa taifa. Ndiyo njia Paulo anayopita kutoka kwa mwanamke tasa hadi mji wenye watoto wengi, na miongoni mwa watoto hao anawahesabu Wagalatia wasio na tone la damu ya Ibrahimu.

Mstari wa 30 ndio wa hatari. “Mfukuze mjakazi na mwanawe”: katika Mwanzo 21:10 hayo ni maneno ya Sara, naye anasema “mwanangu, Isaka”. Paulo anayanukuu kama neno la andiko, na anaandika “mwana wa mwungwana”. Anayaelekeza kwa makanisa, ili wasiwape nafasi wale walimu na fundisho lao. Kuyatumia dhidi ya Wayahudi ni kusahau kwamba Paulo mwenyewe ni Myahudi. Kuyatumia dhidi ya Waislamu, jambo linalosikika kwenye mihadhara ya hadhara huku kwetu, ni kosa la wazi: barua hii iliandikwa zaidi ya miaka 500 kabla ya Uislamu. Na Hajiri wa Mwanzo si adui. Malaika alimtafuta jangwani (16:7), Mungu alisikia sauti ya kijana (21:17), na Ishmaeli na Isaka walimzika baba yao pamoja (25:9).

Usitafute maana ya kila kitu. Kiriba cha maji, mkate, kichaka: Paulo hakuvigusa.

Ukifika kwenye matumizi, endelea hadi 5:1 na 5:13, la sivyo utaacha uhuru ukining'inia. Uliza kikundi chako swali moja: hapa kwetu, ni kitu gani kinachoongezwa juu ya Kristo kama sharti la mtu kuhesabiwa mwana? Inaweza kuwa kiwango cha sadaka, aina ya mavazi, au ukoo uliolianzisha kanisa. Tofautisha kati ya utaratibu na sharti: kanisa lina haki ya kuwa na taratibu. Na atakayesema kwamba uhuru maana yake kila mtu afanye apendavyo, msomeni 5:13–14 kwa sauti, ambapo walio huru wanaagizwa kutumikiana kwa upendo, na torati yote inatimilizwa katika neno moja.