Kabla Hujaandika Karatasi ya Utafiti: Vyanzo na Marejeleo

Karatasi nyingi zinazorudishwa kwa sababu ya marejeleo haziharibiki usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Huharibika wiki tatu mapema, mwanafunzi anaposoma makala nzuri kwenye simu ndani ya matatu ya kutoka Maseno kwenda Kisumu, akanakili aya moja na kujitumia kwa WhatsApp, kisha akafunga ukurasa. Aya inabaki, mwandishi, mwaka na ukurasa vinapotea. Siku ya kuandika ikifika, hajui tena kama maneno yale ni yake au ya mtu mwingine. Ndiyo maana karibu kila tunachokieleza hapa kinafanywa kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa.

Anza idarani kwako na uulize mambo matatu: mtindo gani wa marejeleo, toleo la ngapi, na kiwango gani cha ufanano na maandishi ya wengine kinakubalika. Elimu na sayansi ya jamii kwa kawaida hutumia APA, fasihi hutumia MLA, wanaosomea utabibu hutumia Vancouver yenye nambari, na wanasheria huweka tanbihi. Swali la toleo ndilo linalopuuzwa zaidi. Toleo la saba la APA lilitoka 2019. Toleo la sita lilitaka utaje mji wa mchapishaji; la saba limeuondoa. La sita lilitaka waandishi watatu hadi watano watajwe wote mara ya kwanza. La saba linasema wakishafika watatu, mtaje wa kwanza tu na uongeze "na wenzake", tangu mara ya kwanza. Kwa hiyo ukiiga mpangilio wa tasnifu ya 2015 uliyoikuta kwenye rafu, unaiga kanuni zilizokwisha kubadilishwa, na mhadhiri ataliona hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa marejeleo.

Kisha pita maktaba kabla semista haijapamba moto. Vyuo vikuu vyetu vingi hulipia hifadhidata za majarida kupitia muungano wa maktaba, KLISC, na makala ambayo mtandaoni unaambiwa uinunue kwa dola huenda chuo kimekwisha kuilipia. Omba jina la mtumiaji na neno la siri, na uulize jinsi ya kuingia ukiwa nyumbani. Kwa majarida ya Afrika, African Journals Online ina mengi ambayo Google Scholar huyaweka mbali chini ya orodha.

Andika maneno yako ya kutafutia kwenye karatasi kabla ya kuyabonyeza, kwa sababu mahali petu pamebadilishwa majina mara nyingi. Anayechunguza gugumaji karibu na Kisumu akitafuta "Winam Gulf" peke yake atakosa maandishi mengi. Ghuba ile ile huitwa "Nyanza Gulf" katika tafiti nyingine, na za zamani zaidi huiita "Kavirondo Gulf". Tafuta yote matatu. Vivyo hivyo kwa wilaya na kaunti: takwimu za sensa ya 1999 zilipangwa kwa mikoa na wilaya, za 2019 kwa kaunti na kaunti ndogo. Ukiziweka kwenye jedwali moja bila kueleza mipaka, ulinganisho wako hauna msingi.

Nambari ifuate hadi ilikozaliwa. Tuseme unataka idadi ya watu wa Kaunti ya Kisumu. Gazeti litakuambia ni zaidi ya milioni moja, blogu fulani itaizungusha, na tasnifu ya mwenzako itairudia. Asili yake ni Juzuu la Kwanza la ripoti ya sensa ya 2019 iliyotolewa na KNBS, shirika la taifa la takwimu, na humo utakuta 1,155,574. Rejelea ripoti yenyewe, shirika likiwa ndilo mwandishi, 2019 ukiwa mwaka, na jina kamili la juzuu, kwa sababu sensa hiyo ina majuzuu kadhaa na msomaji akiambiwa "sensa ya 2019" tu hajui afungue lipi. Ukishindwa kabisa kukifikia chanzo cha asili, sema ukweli: taja wa asili ndani ya matini, ongeza "kama alivyonukuliwa na", na kwenye orodha ya marejeleo uweke kile tu ulichokisoma kwa macho yako.

Historia ina ugumu wake. Nyaraka za kikoloni za Nyanza katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka zina alama kama PC/NZA, zikifuatwa na nambari za mafaili zilizotenganishwa kwa mikwaju. Alama hiyo ndiyo anwani ya waraka. Inakili yote kutoka kwenye jalada, mkwaju kwa mkwaju, pamoja na tarehe ya barua, aliyeiandika na aliyeandikiwa. Piga picha ya jalada kwanza, ndipo upige ya barua, ikiwa umeruhusiwa. Picha ya barua isiyo na jalada lake ni karatasi tupu kwa msomaji anayetaka kuithibitisha.

Majina nayo yataka uangalifu, hasa upande huu wa magharibi ambako idara moja inaweza kuwa na akina Otieno watano na akina Wafula wanne. Bethwell Ogot na Grace Ogot wote wameandika, na APA inataka herufi za kwanza ziwekwe ndani ya matini kila mara, yaani B. A. Ogot na G. Ogot, hata kama miaka ya maandishi yao haifanani. Mwandishi mmoja akiwa na kazi mbili za mwaka mmoja, ziwe 2019a na 2019b. Neno "wa" nalo si jina la ukoo. Maktaba humweka Ngũgĩ wa Thiong'o chini ya Ngũgĩ, na aliyemweka chini ya Thiong'o ameonyesha kwamba hakuitazama katalogi.

Kunukuu kwa maneno yako mwenyewe ndiko kunakowaangusha wengi, wengine bila kukusudia. Tuseme chanzo kinasema: "Gugumaji huziba njia za mitumbwi na kupunguza siku ambazo mvuvi anaweza kutega nyavu." Mwanafunzi anaandika: "Magugu ya majini hufunga njia za mashua na kupunguza siku za mvuvi kutega nyavu." Maneno yamevalishwa nguo nyingine, lakini mifupa ya sentensi ni ile ile, na hata ukitaja mwandishi bado ni wizi wa maandishi. Soma aya, funga kitabu, subiri kidogo, kisha andika unachokumbuka: "Mapato ya wavuvi hushuka gugumaji linapotanda, si lazima kwa sababu samaki wamepungua, bali kwa sababu siku za kazi zimepungua." Halafu fungua uhakikishe hukumwekea mwandishi maneno ambayo hakuyasema. Katika mfano huu umemwekea: chanzo hakikutaja mapato. Ondoa dai hilo au ulitafutie chanzo chake.

Ukichukua maneno ya mtu jinsi yalivyo, alama za mtajo na nambari ya ukurasa ni lazima. Katika APA, dondoo lenye maneno 40 au zaidi hutengwa kama aya yake, likaingizwa ndani sentimita 1.27 bila alama za mtajo.

Programu ya Zotero, inayokuhifadhia na kukupangia marejeleo, ni ya bure na inaokoa muda, lakini usiiamini bila kuikagua. Kosa lake la kila siku ni mashirika: jina la KNBS likiingia kwenye visanduku viwili kama jina la mtu, orodha yako itatoa "Statistics, K. N. B. of". Badilisha liwe kisanduku kimoja. Kagua pia vichwa vilivyoingia kwa herufi kubwa tupu.

Marejeleo uliyopewa na akili unde kama ChatGPT usiyaweke kabla hujayafungua. Huunda majina ya makala yanayosikika kuwa ya kweli, yenye jarida la kweli na hata DOI, yaani nambari ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, ilhali makala yenyewe haipo popote. DOI huanza na 10. Ibandike mara baada ya https://doi.org/ uone inakupeleka wapi. Ikikupeleka kwenye makala nyingine au isipokupeleka kokote, futa.

Ripoti ya Turnitin, programu inayolinganisha karatasi yako na maandishi mengine, huonyesha maandishi yanayofanana, haitoi hukumu. Asilimia inaweza kupanda kwa sababu orodha ya marejeleo imehesabiwa, au ikawa ndogo huku aya moja nzima imeibwa. Soma rangi moja moja badala ya kuitazama nambari tu.

Ikiwa utakusanya data kwa watu, iwe sokoni Kibuye au kijijini Kakamega, anza mapema na kibali cha maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Na maneno ya wahojiwa wa utafiti wako hayaingii kwenye orodha ya marejeleo. Hayo ni data yako.

Jitengee siku moja kamili kabla ya kuwasilisha. Chapisha karatasi yote, hata kwa saiba ya jirani, na ushike kalamu. Kila jina lililo kwenye mabano liwekee alama kwenye orodha, kisha urudi kutoka kwenye orodha hadi kwenye matini. Lililo matini na halimo orodhani, liongeze. Lililo orodhani na hukulitumia popote, liondoe.