Namna ya Kuhakiki Krimu Inayonadiwa na Mshawishi wa Mtandaoni Kabla Hujatoa Fedha

Mwaka juzi mdogo wangu alinunua kopo la krimu ya uso kwa sababu dada mmoja mwenye wafuasi zaidi ya laki nne aliinadi karibu kila siku kwa wiki tatu, akiapa kwamba ndiyo siri ya ngozi yake. Mwezi wa pili mashavu ya mdogo wangu yalikuwa yamebabuka, na alipomwandikia yule dada kwa heshima kumweleza yaliyompata, alizuiwa asiuone tena ukurasa wake. Ndiyo maana sishangai nikisikia watu wakisema kwamba imani yao kwa washawishi imekwisha. Hata hivyo, kukata tamaa peke yake hakumkingi mnunuzi, kwa kuwa kesho atatokea mwingine mwenye sura mpya na maneno matamu zaidi, naye ataaminiwa upya. Kinachomkinga ni kuhakiki, na kazi hiyo haizidi nusu saa.

Anza na anayenadi. Fungua ukurasa wake, urudi nyuma miezi sita, ukitazama bidhaa za ngozi tu. Ukikuta kwamba mwezi wa tatu alisifu sabuni fulani kuwa ndiyo iliyomwondolea chunusi, mwezi wa tano akasifu mafuta ya kampuni nyingine kwa maneno yale yale, na leo anasifu krimu ya tatu, basi umeshajua kwamba anayoyasema hayatokani na ngozi yake. Kuwa balozi wa bidhaa ni kazi halali yenye ujira wake. Kosa ni kuuficha ujira huo. Tangu 2017 Instagram ina alama ya ushirikiano wa kulipiwa inayowekwa juu ya chapisho, ila isipokuwepo usidhani kwamba hakulipwa. Nchini Marekani, Oktoba 2022, nyota wa televisheni Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 ili kumaliza shauri la tume inayosimamia masoko ya dhamana, kwa sababu aliitangaza sarafu ya kidijitali ya EthereumMax bila kuweka wazi kwamba alilipwa dola 250,000 kwa chapisho hilo.

Picha za kabla na baada zisikushughulishe sana. Zipige picha ya skrini, uzitafute kwa Google Lens, huduma ya Google ya kutafuta kwa picha, na mara nyingine utazikuta zikiuza dawa tofauti katika nchi tofauti.

Muda wako mwingi uutumie kwenye kopo lenyewe. Mwombe muuzaji akutumie picha ya lebo ya nyuma, inayosomeka, kabla hujalipa. Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya viambato. Kopo jeupe lenye stika ya jina la duka tu, bila orodha hiyo, lihesabu kuwa ni mkorogo, hata likiitwa krimu ya asili. Katika viambato, zebaki huandikwa kwa majina kama mercury, calomel, mercurous chloride au ammoniated mercury. Sumu hii hupenya ngozi na kuharibu figo. Wapo wasioiandika kabisa, lakini Shirika la Afya Duniani limeeleza dalili moja ambayo wengi hawaijui: maelekezo yanayokutaka usiiguse dhahabu, fedha, aluminiamu au mpira unapopaka yanaweza kuashiria kwamba ndani yake mna zebaki. Nilipoligeuza kopo la mdogo wangu nikakuta onyo la kuvua pete, tena kwa maandishi madogo kuliko punje ya mtama, ambalo sisi sote tulikuwa tumelipita bila kulisoma.

Kisha uliza usajili. Kwa Tanzania, tangu Julai 2019 usajili wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, yaani TFDA, ambayo sasa ni TMDA na inashughulikia dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo muuzaji anayekuhakikishia leo kwamba krimu yake mpya imesajiliwa na TFDA anakutajia chombo kisichokuwepo tena kwa jina hilo. Mwombe namba ya usajili, kisha uwaulize TBS wenyewe. Kwa Kenya, namba iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS, yaani shirika la viwango la nchi hiyo, huhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na SM# na kufuatiwa na namba hiyo.

Ukiwa umeshanunua na ngozi imeanza kuwasha au kubabuka, acha kupaka siku hiyo hiyo. Kabla hujamwandikia mtu yeyote kulalamika, piga picha za skrini za tangazo, za mazungumzo na muuzaji, na za ujumbe wa malipo ya simu, kwa sababu ukishazuiwa huwezi kuvipata tena vilivyokuwa kwenye ukurasa wake. Mdogo wangu hakufanya hivyo, na alipokwenda kulalamika hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa kopo. Nalo usilitupe, hata likiwa tupu: lipeleke kwa daktari wa ngozi aone lebo na mabaki, kisha lifuatane na malalamiko yako kwenye ofisi ya viwango.