Somo: Kuosha magunia na vitanda vya samadi kwa maji kabla ya kuvuna mboga

Somo hili ni la wanaokuza sukuma wiki, spinachi, mchicha, managu na dania kwa samadi na mboji, nje, kwenye magunia au vitanda vilivyoinuliwa, kuanzia Njoro na Lanet za Nakuru hadi Nyalenda ya Kisumu. Tulinyooshe jambo moja mapema kwa sababu linapotosha wengi: maji hayatoi mbolea ndani ya jani. Maji huosha udongo, yaani huondoa chumvi ya mbolea na ya maji ya kisima iliyorundikana humo. Kilichokwisha kuingia kwenye jani huisha mmea unapokitumia kukua, na kazi hiyo inataka jua na siku kadhaa. Anayemwaga mitungi kumi jioni ili avune asubuhi amepoteza maji.

Pia si kila shamba la samadi linahitaji kuoshwa. Mboji iliyoiva hutoa chakula polepole, kadiri vijidudu vya udongoni vinavyoivunja, na kitanda kinachopata mvua ya kawaida hujiosha chenyewe. Taabu iko kwenye gunia lililojazwa mbolea ya kuku, likanyweshwa maji ya kisima kidogo kidogo mwezi baada ya mwezi, bila hata tone kutokea chini. Maji yanakwenda hewani, chumvi inabaki, na kila kikombe kinaongeza nyingine.

Hakikisha kwanza ni chumvi

Angalia ukuta wa gunia kwa nje, karibu na mashimo ya miche. Ukiona unga mweupe unaokwangulika kwa kucha, hiyo ni dalili kubwa. Nyingine ni majani ya chini kuungua kingo, mmea kulegea mchana ilhali udongo una unyevu, na mbegu kukataa kuota. Usikimbilie kuosha kwa sababu ya kingo zilizoungua peke yake. Ukosefu wa potasiamu unaonekana hivyo hivyo, na ukiosha utaufanya uwe mbaya zaidi.

Kipimo cha bure ni maharagwe, kwa kuwa hayavumilii chumvi. Panda mbegu kumi kwenye udongo wa gunia na kumi za pakiti ileile kwenye mchanga safi wa mto, zote zikinyweshwa maji ya mvua. Za mchanga zikiota vizuri na za gunia zikasuasua au zikaota na kuungua ncha, umepata jibu.

Mwenye mita ya EC (kifaa cha kupima chumvi iliyoyeyuka kwenye maji) achukue kikombe kimoja cha udongo na vikombe viwili vya maji ya mvua, akoroge, asubiri nusu saa, kisha apime maji ya juu. Chini ya 0.75 mS/cm usiguse. Hadi 1.25 mmea mkubwa uko sawa, ila miche midogo itaanza kuteseka. Ikipita 1.75, osha. Pima na maji utakayooshea: yakiwa chini ya 0.7 ni mazuri, yakipita 3 yaache kabisa. Udongo hauwezi kutoka na chumvi ndogo kuliko ya maji yaliyoupitia.

Hatua zenyewe

1. Chagua siku. Siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna, kipindi cha jua, na uanze asubuhi. Kwa sukuma inayochumwa kila wiki, chuma majani yote yaliyokomaa kwanza, halafu uoshe, halafu uiache ipumzike. Wakati wa masika usijisumbue.

2. Acha kulisha. Chai ya samadi na mkojo wa sungura visimame wiki mbili hadi tatu kabla ya kuvuna. Kwa mboga za majani, hatua hii ina faida kuliko maji yote yatakayofuata.

3. Fungua njia ya kutokea. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gunia lililokaa juu ya saruji au plastiki liinuliwe kwa matofali au mawe, na chini litobolewe matundu sita hadi nane ya upana wa kidole. Kwenye kitanda, chimba shimo la sentimita 40 pembeni, mimina nusu mtungi ndani, uone. Maji yakiwa bado yamesimama kesho yake, usioshe. Utazamisha mizizi, na mizizi ikikosa hewa siku moja au mbili huanza kufa.

4. Kwangua ule unga mweupe pamoja na sentimita moja ya udongo wa juu, uutupe mbali. Ukiuacha, maji ya kwanza yataupeleka moja kwa moja kwenye mizizi.

5. Lowesha kwanza. Udongo uliokauka hupasuka, na maji hupita kwenye nyufa bila kuosha chochote. Mwagilia kama kawaida jioni ya kuamkia siku ya kazi.

6. Osha kwa awamu. Kipimo kinachofahamika ni hiki: maji ya kina cha sentimita 15 yakipita kwenye udongo wa kina cha sentimita 30 huondoa karibu nusu ya chumvi, yakiwa sentimita 30, huondoa kama asilimia 80. Sentimita 15 ni lita 150 kwa kila mita mraba. Kitanda cha mita 1 kwa 3 basi kinataka lita 450, yaani mitungi 22 na nusu ya lita 20. Usiyamwage kwa mpigo. Weka mitungi miwili kwa kila mita mraba, subiri saa moja au mbili mpaka yanywewe, kisha rudia. Maji yanayoshuka polepole huingia hadi kwenye vitundu vidogo vya udongo, na ndiko chumvi iliko.

Kwa gunia, hesabu udongo ulioingia. Gunia lililojazwa ndoo tano za lita 20 lina lita 100 za udongo, basi anza na mitungi mitano. Zingatia sana kwamba maji hayamwagwi kwenye ile nguzo ya mawe ya katikati. Mawe hayo ni mazuri kwa kunyweshea kila siku, lakini siku ya kuosha yanageuka mfereji: maji yanashuka mbio hadi chini, unayaona yakitoka safi, unafurahi, na udongo wa pembeni haujaguswa. Funika mawe kwa kipande cha plastiki, mimina juu ya udongo kwa mkebe wenye matundu, ukizunguka gunia lote. Yakianza kuchuruzika kwenye mashimo ya miche ubavuni, umeharakisha. Simama.

7. Soma yanayotoka. Kinga maji ya chini kwenye beseni kila awamu. Ya kwanza huwa na rangi ya chai nzito. Mwenye mita aendelee mpaka kipimo kiache kushuka kati ya awamu mbili. Asiye na mita aishie kwenye kiasi cha hatua ya sita. Rangi pekee haiaminiki, kwa sababu samadi hutoa rangi hata chumvi ikiwa imekwisha.

8. Maji hayo yana naitrojeni nyingi. Yaelekeze kwenye migomba au majani ya ng'ombe, yasiende mtaroni. Wa Kisumu wanaona wenyewe jinsi magugu maji yanavyostawi kwenye ghuba ya Ziwa Viktoria kwa rutuba inayotiririka kutoka nchi kavu.

9. Baada ya hapo, usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke kina cha kidole. Majani ya chini yakipauka kidogo ni naitrojeni iliyoondoka. Mmea utakaoendelea kuchumwa baadaye upewe gorogoro moja ya mboji iliyoiva kwa kila gunia, juujuu. Mbolea ya kuku isirudi.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Bahati: Mwalimu, je, kuosha kutaondoa ladha chungu ya managu yangu?
Jibu: Hapana, dada. Uchungu wa managu unategemea zaidi aina ya mbegu, umri wa jani na ukame. Chuma machanga na mmea usilale na kiu. Kuosha hakutabadilisha mbegu.

Swali, Nyalenda: Nimesikia mboga za samadi nyingi zina naitreti, ile naitrojeni ya mbolea ambayo mmea haujaitumia. Maji yatapunguza?
Jibu: Yatapunguza iliyo udongoni, na mmea utamaliza iliyo kwenye jani ukiupa wiki moja au zaidi ya jua. Mchicha na spinachi ndizo hujaza zaidi, hasa kivulini. Chuma alasiri ya siku ya jua badala ya alfajiri, na uondoe vikonyo vinene, kwa kuwa naitreti hukaa zaidi kwenye vikonyo kuliko kwenye jani lenyewe.

Swali, Lanet: Maji yetu ya kisima yanateleza kama ya sabuni, na nikimwaga yanasimama juu ya udongo. Nimeosha mara mbili, hali imezidi.
Jibu: Hayo yana sodiamu na bikaboneti nyingi, ndugu, na visima vingi vya Bonde la Ufa viko hivyo. Sodiamu hutawanya chembe za udongo na kuziba vitundu, kwa hivyo kila ukiosha kwa maji hayo unaziba zaidi. Simamisha. Changanya jasi nusu kilo hadi kilo moja kwa mita mraba kwenye sentimita 15 za juu, lowesha, uache wiki moja, ndipo uoshe kwa maji ya mvua. Jasi itangulie, maana maji ya mvua matupu kwenye udongo wa sodiamu nayo huziba.
Nyongeza ya mwanachama mwingine: Paa la mita mraba 20 kwa mvua ya milimita 40 hukupa kama lita 640 ukitoa zinazopotea. Kitanda kizima hicho.

Swali, Ahero: Na sisi wa udongo mweusi wa mfinyanzi?
Jibu: Mboga zikiwa zimepandwa chini ardhini, usioshe kabisa, udongo huo ukishiba hufunga. Inua kitanda sentimita 30 au uende kwenye magunia, uchanganye mchanga na mboji. Walio kwenye kitanda kilichoinuliwa wafuate hatua ya tatu bila kuiruka.

Swali, Kakamega: Huku mvua ni nyingi, nioshe mara ngapi kwa mwaka?
Jibu: Shamba la wazi, usioshe hata mara moja. Mvua yenu imeosha kupita kiasi, na tatizo lenu mara nyingi ni udongo wenye asidi. Tafuta kipimo cha pH (kiwango cha asidi ya udongo) na chokaa kabla ya kufikiria mitungi.

Swali, Njoro: Niliweka samadi mbichi wiki sita zilizopita, na dania iko tayari. Nikiosha vizuri nitaweza kuuza?
Jibu: Usiuze ya kuliwa mbichi. Maji huondoa chumvi, hayaui bakteria, tena matone yanayoruka hupandisha udongo kwenye majani. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na 90 kwa yasiyougusa. Dania hiyo iache itoe mbegu, na msimu ujao tumia samadi iliyoiva.