Mkanda wa gari lililotumika: namna ya kuukagua na kuufunga ukakushika kweli

Vitz, IST, Probox au Noah inaposhuka melini Dar es Salaam au Mombasa, mnunuzi husikiliza injini, hufunua boneti, huangalia tairi na kuuliza kilomita. Mikanda haiguswi. Baadaye ni hiyo hiyo inayovutwa na kulazwa begani bila kuchomekwa trafiki anapoonekana mbele, kisha ikaachiwa. Mwongozo huu ni wa mwenye gari lililotumika anayetaka kujua kama mkanda wake utamshika siku atakapouhitaji.

Gari likigonga kitu likiwa 50 km/h, asiyefungwa anaendelea kwenda 50 km/h mpaka akutane na usukani, kioo au mgongo wa aliye mbele yake. Kimahesabu ni sawa na kudondoka kutoka mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa hadi nusu. Eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali, haichukui nafasi yake, kwa sababu imepimwa kwa mtu aliyefungwa. Asiyefungwa hutupwa mbele breki zinapokamata, akaikuta eabegi ikifumuka usoni mwake, na eabegi yenyewe inaweza kumuua.

Hatua ya 1: Vuta mkanda wote nje

Fanya hivi mchana, mlango ukiwa wazi. Vuta polepole mpaka uishe, kisha upitishe kati ya vidole kipande kwa kipande, pande zote mbili. Kingo ndizo za kuangalia zaidi: uzi uliochanika pembeni ndipo mkanda unapoanzia kukatika ukibeba uzito. Ukikuta mkato, tundu la sigara au mahali paliposhonwa na fundi cherehani, badilisha mkanda mzima. Usikubali kushonewa.

Angalia vizuri sehemu ambayo ulimi wa chuma hukaa ukiwa umefunga, na ile inayopita kwenye pete ya juu ya nguzo iliyo kati ya milango. Michirizi inayong'aa, migumu kama plastiki iliyoyeyuka kidogo, ni alama kwamba mkanda huo umeshabeba mtu kwenye ajali. Halafu angalia kipande cha mwisho, kile kinacholala ndani siku zote. Ukikuta mstari wa tope au doa la maji, gari hilo limewahi kuzama, na hapo mkanda ni tatizo dogo kuliko mengine. Lebo iliyoshonwa karibu na chini mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa. Ikipishana sana na mwaka wa gari, mkanda ulibadilishwa, na muuzaji anapaswa kukueleza kwa nini.

Sasa uachie urudi wenyewe. Ukirudi kwa kusuasua, kwa kawaida siyo springi iliyochoka, ni uchafu. Jasho na vumbi hugeuka utando mweusi kwenye ile pete ya juu, mkanda ukang'ang'ania hapo. Futa pete kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mkanda usugue kwa brashi laini, maji vuguvugu na sabuni ya kawaida, ubane kwa kibanio usirudi ndani, na uuache ukauke kivulini. Jiki na petroli huua nyuzi. Wala usipulizie oili ndani ya mashine ya kukunjia. Oili hukusanya vumbi, na siku moja meno hayatakamata.

Mwisho, vuta kwa ghafla. Lazima ugome. Rudia mara tano, na kila mara ugome. Usipogoma hata mara moja, mashine hiyo ni ya kutupa. Kinyume chake, gari likiegeshwa kwenye mteremko mkali mkanda unaweza kugoma hata ukivuta polepole; hapo haujaharibika, ndivyo ulivyoundwa. Sogeza gari kwenye tambarare ujaribu tena.

Kwenye kifungio, chomeka ulimi usikie mlio, kisha uvute kwa nguvu kuelekea juu. Ukibonyeza kitufe, ulimi uruke nje wenyewe. Ukikwama, mara nyingi kuna makombo ya biskuti au sarafu ndani. Fyonza kwa mashine ya kufyonzea vumbi, usichokonoe kwa bisibisi.

Na zile ndimi bandia za kuzimia kengele ya mkanda, zitoe kabisa. Vivyo hivyo vibanio vya kuulegeza mkanda usiguse kifua. Kila sentimita ya ulegevu ni sentimita utakayorushwa bure kabla ya kushikwa.

Hatua ya 2: Panga kiti kabla ya kufunga

Makalio yafike mwisho wa kiti. Ukikanyaga breki mpaka chini, goti libaki limepinda kidogo. Kati ya kifua na katikati ya usukani ziwe angalau sentimita 25. Chukua karatasi ya A4, urefu wake ni karibu sentimita 30, ikienea hapo uko salama. Mtu mfupi asiyefikia pedali bila kusogea mno ashushe usukani na kuinua kiti kama gari linaruhusu, badala ya kukumbatia usukani.

Kiegemeo cha kichwa wengi hukiacha chini kama kilivyokuja. Ncha yake ya juu ilingane na utosi, na isiwe chini ya masikio kamwe. Nafasi kati yake na kisogo iwe vidole vinne au pungufu. Kikiwa chini, ukigongwa nyuma shingo hujikunja juu yake.

Abiria wa mbele anayelaza kiti ili asinzie njiani kwenda Dodoma hana mkanda, hata kama umechomekwa. Gari likisimama ghafla atateleza kwa chini, mkanda umkute tumboni au shingoni.

Hatua ya 3: Funga mifupa, usifunge tumbo

Kipande cha chini kipite juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa, karibu na mapaja. Cha juu kipite katikati ya mtulinga na katikati ya kifua. Baada ya kuchomeka, vuta kile cha juu kuelekea begani ili cha chini kikaze. Hakikisha mkanda haujajisokota. Ukisokotwa unakata kama kamba. Toa simu na funguo mfukoni, koti zito livuliwe, na baibui au kanga inyooshwe isijikusanye chini ya mkanda.

Ukikukata shingo, shusha pete ya juu kwenye nguzo kama inashuka. Usiupitishe chini ya kwapa: mbavu za chini zitabeba kishindo chote, na nyuma yake kuna ini na bandama.

Mjamzito afunge mpaka siku ya kujifungua. Cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Cha juu kati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Kisipite juu ya tumbo hata kidogo.

Hatua ya 4: Fukua mikanda ya nyuma

Makava ya siti yaliyoshonwa bila vipimo huzika vifungio vya nyuma, na watu huzoea kwamba nyuma hakuna mikanda. Ipo. Inua siti uvitoe, na mwambie fundi wa makava akate matundu. Kenya imelazimisha mikanda kwenye matatu tangu kanuni za 2004 za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, lakini kwenye magari ya familia kiti cha nyuma bado kinasahauliwa. Abiria wa nyuma asiyefungwa humponda aliye mbele, hata kama huyo wa mbele amefunga.

Kwenye siti za mbele, kagua ubavu wa kiti upande wa mlangoni. Kukiwa na kilebo cha SRS AIRBAG, kuna eabegi ndani ya kiti, na kava la kawaida litaizuia kufumuka. Boksi la tishu juu ya dashibodi, mbele ya abiria, nalo liondoke. Eabegi italirusha usoni kwake.

Hatua ya 5: Soma taa ya SRS

Weka swichi ON bila kuwasha injini. Taa ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi, iwake, kisha izime baada ya sekunde 6 hivi. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na eabegi huenda zisifumuke. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi: mara nyingi mtu ameichomoa, au ameiunganisha na taa nyingine, ili kuficha eabegi zilizokwisha kulipuka. Mpe fundi umeme mwenye mashine ya kusoma SRS. Akitaka kupima waya za eabegi kwa multimita ya kawaida, mzuie, maana mkondo wake unaweza kuifyatua. Kabla ya kugusa chochote, betri ichomolewe na wasubiri sekunde 90 au zaidi.

Kuna pia suala la eabegi za kampuni ya Kijapani ya Takata, zilizofungwa kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda na nyingine nyingi za miaka ya 2000. Kemikali yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha ikilipuka hupasua kasha na kurusha vipande vya chuma. Hewa ya Tanga, Zanzibar na Mombasa ndiyo hiyo hiyo isiyoifaa. Chukua namba ya chesi kwenye kadi ya gari, iingize kwenye ukurasa wa marejesho (recall, magari yaliyoitwa yarekebishwe) wa mtengenezaji huko Japan, au mpelekee wakala wa chapa hiyo.

Hatua ya 6: Mtoto

Mtoto wa kilo 10, gari likisimama kutoka 50 km/h ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, huvuta kama mzigo wa kilo 140. Hakuna mikono inayoushika. Kumfunga pamoja na mama ndani ya mkanda mmoja ni hatari zaidi, mwili wa mama unambana.

Kiti cha mtoto kiwe na lebo ya R44 au R129, ambavyo ni viwango vya usalama vya viti hivyo. Mpaka angalau miezi 15 atazame nyuma, na kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele penye eabegi. Fuata njia ya mkanda iliyochorwa kwenye kiti, kikandamize kwa goti huku ukivuta mkanda, kisha kitikise mahali mkanda unapopita: kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Akikua, kiti cha kunyanyulia mpaka urefu wa sentimita 150 hivi. Swichi ya kumzuia mtoto asifungue mlango kwa ndani iko kwenye ukingo wa mlango wa nyuma.

Baada ya ajali

Mikanda iliyokuwa imevaliwa ibadilishwe, hata ikionekana mizima. Mingi ya mbele ina baruti ndogo ya kuikaza, na hiyo hufanya kazi mara moja tu. Kifungio kilichozama kuliko cha upande wa pili kimeshalipuka. Usinunue mkanda uliotoka kwenye gari lililogongwa. Unapofungwa mpya, bolti ya asili irudi na bushi yake ili kipachiko kizunguke kwa uhuru, ikazwe kwa spana ya kipimo. Kwa Toyota nyingi ni 42 N·m.