SOMO: Kubadili balbu za dashibodi kuwa LED kwenye pikapu ya zamani (soma mpaka mwisho ndo uulize)

Wakuu salama. Naandika hii kwa sababu nimechoka. Kila nikishika simu kuna mtu ananiuliza kitu kile kile, kaka LED zangu nusu haziwaki, kaka nimeweka LED gari haichaji, kaka dima (ile ya kupunguza mwanga wa dashibodi) imekufa. Nayaweka yote hapa, na ukinifuata pembeni nitakurudisha hapa hapa, usinune.

Gari niliyofanyia ni Chevrolet C10 ya 1978, ile yenye dashibodi ya kimaskini: spidomita, geji ya mafuta, halafu vingine vyote ni taa za onyo tu, yaani chaji, oili na temprecha. Kwa Ford, Dodge na Toyota nyingi za umri huo kazi inafanana, maana balbu nyingi humo ndani ni 194, ile ndogo ya kioo kitupu isiyo na kitako, dukani ukisema T10 wanakuelewa. Zingine zina kitako cha chuma cha kusukuma na kuzungusha, hizo ni BA9s. Chomoa moja uione kabla hujanunua, usiende kukisia mbele ya muuzaji.

Faida yake ni nini? 194 moja inakula ampea 0.27, karibu wati 4, na sehemu kubwa inaishia kuwa joto. Hilo joto ndo limekausha plastiki yako miaka yote hiyo. LED nyingi za saizi hio hazifiki hata ampea 0.1. Ila niseme ukweli, kama dashibodi yako imefifia sana anza kwa kuosha. Mara nyingi shida ni vumbi, erthi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) mbovu na rangi nyeupe ya ndani iliyogeuka kahawia, na LED haitibu uchafu.

Ukinunua chukua LED zinazotoa mwanga pembeni kuzunguka mwili mzima. Zile zenye jicho moja mbele zinakupa doa kali katikati ya namba na giza pembeni, inaonekana kama mtu anamulika na tochi. Na kama balbu zako zimevaa vile vikofia vya buluu au kijani, LED nyeupe ukiivisha inatoka hafifu, hivyo vua kofia au tafuta LED ya rangi ile ile ya kofia.

Hatua ya 1. Toa waya wa hasi kwenye betri.

Hatua ya 2. Fungua skrubu za fremu, itoe.

Hatua ya 3. Kebo ya spidomita. Ingiza mkono nyuma, bonyeza kile kilimi ndo uvute. Kama ni otomatiki kuna kawaya kanakosogeza mshale wa gia, kafungue nako kabla hujavuta dashibodi, kakikatika utanikumbuka.

Hatua ya 4. Chomoa plagi kubwa ya nyuma, toa dashibodi, ilaze kifudifudi juu ya taulo. Piga picha mgongo wake.

Hatua ya 5. Holda (vishikio vya balbu) zinatoka kwa kuzungusha robo tu. Nyuma utaona karatasi ya plastiki yenye njia za shaba, hio ndo saketi yenyewe na ina umri mkubwa kuliko wengi wetu humu. Usiikunje wala usiichokonoe kwa bisibisi. Vidoti vya shaba vilivyoingia weusi visugue taratibu kwa ufutio wa penseli.

Hatua ya 6. HAPA NDO NILIPOHARIBU, soma mara mbili. Balbu za nyuma ya dashibodi ni za aina mbili. Kuna za kumulika, zinazowaka ukiwasha taa ndogo, hizo badili zote roho ikitulia. Halafu kuna za ishara, na humo ndani yumo mmoja anaitwa taa ya chaji. Mimi niliona zote T10, nikaweka LED zote, nikafunga skrubu zote, nikawa najisifu. Nilichokuwa sijui ni kwamba kwenye gari hii balbu ya chaji siyo ya kukuonyesha tu. Ukifungua swichi, umeme unapita NDANI ya hio balbu kwenda kuamsha oltaneta (mashine inayochaji betri), na ile ampea 0.27 ndo inayompa sumaku ya kuanzia. Oltaneta ikishaamka pande mbili za balbu zinakuwa na volti sawa, taa inazima. Sasa LED inapitisha kidogo mno, na mbaya zaidi yangu niliiweka kinyume, kwa hiyo haikupitisha kitu kabisa wala haikuwaka. Nikaona taa ya chaji imezima nikajua mambo safi. Nikaendesha usiku na taa kubwa, zikaanza kuwa njano, redio ikakata, injini ikaanza kukohoa, nikasimama gizani na dashibodi yangu mpya. Kuja kupima betri, volti 10 na vichembe. Nikarudisha balbu ya zamani, injini ikiwa inaunguruma nikasoma 14.2, ugonjwa ukaisha hapo hapo.

Kwa hiyo: taa ya chaji ACHA BALBU YA KAWAIDA. Kuna magari yamewekewa rezista sambamba na hio balbu na hayo yanaweza kupona, lakini kama hujaiona kwa macho kwenye mchoro wa nyaya usibahatishe. Oili na temprecha unaweza kubadili, ila mimi nimeziacha, zinawaka mara ngapi kwani? Ya fulu (ishara ya taa kubwa za mwanga mrefu) nayo niliiacha, LED pale inakuchoma macho safari nzima.

Hatua ya 7. LED ina chanya na hasi. Isipowaka itoe, igeuze, irudishe.

Hatua ya 8. Kabla ya kufunga skrubu hata moja, rudisha plagi na betri, washa taa ndogo, hesabu zinazowaka. Fungua swichi bila kupiga starter: taa ya chaji LAZIMA iwake. Piga starter: lazima izime. Kisha pima betri injini ikiwa inafanya kazi, ukisoma chini ya 13 usifunge.

Hatua ya 9. Funga.

MASWALI

nati_kumi: Mkuu somo zuri sana, je hata ile ya chaji naweza kuweka LED?

Hatua ya 6. Ile yenye herufi kubwa.

dereva_mstaafu: Nimeweka tano, tatu zinawaka mbili hapana. Nimeuziwa feki?

Hatua ya 7, mzee wangu.

dereva_mstaafu: Nimegeuza, zimewaka. Samahani, nilikuwa naangalia picha tu.

Hamna picha humu mzee wangu 😂 haya, karibu.

mama_wa_pikapu: Asante kwa maelezo. Mimi nimefuata kila kitu na zinawaka, ila ile dima ya kuzungusha kwenye swichi ya taa nikizungusha mwanga hausogei, halafu mwishoni unashuka kidogo tu. Nataka kuelewa kwanini, siyo dawa tu.

Dada hili ndo swali. Ile dima ni waya wa upinzani tu, omu chache, na upinzani unakula volti kulingana na umeme unaopita. Balbu tano za kawaida zinavuta ampea 1 na zaidi, kwa hiyo ukiweka tuseme omu 5 njiani zinaliwa volti kama 5, mwanga unashuka unaona kabisa. LED tano zikivuta 0.25 kwa jumla, omu zile zile zinakula volti 1 na kidogo, jicho halioni tofauti. Na LED nyingi za volti 12 ndani zina chipu tatu zilizofuatana, kila moja inataka kama volti 3, kwa hiyo mwenye dima yenye upinzani mkubwa anaona mwanga umegoma kushuka halafu karibu na volti 9 unazima ghafla. Dawa ni mbili: ununue dima ya kielektroniki inayokata na kuwasha umeme haraka haraka, au uache balbu mbili za kawaida kwenye njia ile ile ili umeme unaopita uongezeke.

chuma_chakavu: Mnaharibu magari ya watu. Classic inatakiwa ibaki na mwanga wake wa njano, hizi LED zinafanya ionekane kama friji.

Kuna LED za mwanga wa njano, na gari ni yangu. Ukitaka asili baki na asili, sijaja kwako na bisibisi.

baba_karbureta: Mimi nina Ford ya 1953, ya volti 6. Hizi T10 zitafaa?

Hapana mzee, na umefanya vizuri kuuliza. Ford walihamia volti 12 mwaka 1956, na zile za 6 walifunga CHANYA kwenye bodi. LED ya volti 12 kwako haitawaka. Tafuta iliyoandikwa volti 6, halafu kama kitako ni cha chuma huwezi kugeuza kama sisi, maana chuma chenyewe ndo erthi. Chukua ambayo imeandikwa inakubali pande zote mbili. Na geji zako usiziguse kwa volti 12 hata kwa kujaribu.

indiketa_kushoto: Na mimi nimebadili indiketa za nje sasa zinawaka hazikonyezi. Dashibodi sijagusa.

Hilo siyo somo la leo ila sawa. Flasha yako (kile kinachokonyeza indiketa) ni ya joto, inahitaji umeme mwingi upite ndo ipate moto ikate. LED hazimpi. Weka flasha ya kielektroniki, nyingi zina waya wa tatu wa kufunga kwenye bodi, usiusahau. Na kama dashibodi yako ina mshale mmoja tu kwa kulia na kushoto, pale usiweke LED ya kawaida, itawaka upande mmoja tu.

nati_kumi: Kwahiyo ya chaji hapana?

Hapana.

mama_wa_pikapu: Nimerudi. Nimeacha mbili za kawaida upande wa geji ya mafuta, dima sasa inashuka, siyo kama zamani ila inatosha. Tatizo upande ule umekuwa njano.

Safi sana dada. Hamisha moja uipeleke mwisho wa upande wa pili, njano zibaki kwenye kona zote mbili, ukikaa kwenye usukani hutaziona.